Kuomba radhi kwa Kijapani: neno gani, kwa nani, na mgongo uiname kiasi gani

Mwanafunzi wa Kijapani hukutana na *sumimasen* (samahani) wiki ya kwanza, akaridhika nayo, akaanza kuitumia kila mahali: akimkanyaga mtu kwenye treni, akichelewa kazini, akimtumia mteja ankara yenye hesabu mbovu. Kwenye treni inatosha. Kazini inapwaya. Kwa mteja inakuwa kosa la pili juu ya lile la kwanza, kwa sababu anayeisoma anaona kwamba hujajua umemkosea nani.

Kijapani kina ngazi za radhi, na uzito wa kosa peke yake haukuambii ukanyage ngazi ipi. Jiulize matatu kabla ya kufungua kinywa. Huyu ni mtu wangu wa karibu, ni mkubwa wangu, au ni wa nje kama mteja na mgeni? Kosa limemgharimu nini: sekunde chache, nusu saa, pesa, au heshima yake mbele ya watu? Limekwisha, au bado linaendelea? Jibu la kwanza huchagua neno lenyewe. La pili huchagua maneno ya kulikoleza na kiasi cha kuinama. La tatu huamua kama utamalizia kwa wakati uliopita.

## Matamshi kwanza

Msemaji wa Kiswahili anaanza na mtaji mzuri, maana vokali za Kijapani ni a, i, u, e, o kama zetu na silabi nyingi huishia kwenye vokali. Hapa vokali iliyoandikwa mara mbili huvutwa: *mooshiwake* ni mo-o-shi-wa-ke, vipande vitano vyenye urefu sawa. Ukiufupisha mwanzo wake, neno zito linasikika kama limetamkwa kwa haraka ya kukimbia.

Yapo mawili ya kuangalia. N ya mwisho katika *sumimasen* hubeba pigo lake yenyewe, kama m ya "mtu". Sauti hukaa juu mpaka *se*, kisha hushuka kwenye hiyo n. Usitie mkazo wa Kiswahili kwenye silabi ya pili toka mwisho. La pili ni u na i zinazomezwa: *desu* husikika "des", *shimashita* husikika "shimashta", na *shitsurei* husikika "shtsuree". Mitaani utasikia pia *suimasen*, ambayo ni *sumimasen* iliyolegezwa. Kwa mdomo haina neno, lakini usiiandike kwenye barua.

## Kwa rafiki, ndugu na mpenzi

*Gomen* (ごめん) ndiyo msingi. Umechelewa dakika tano kukutana na rafiki: *gomen*. Ukiongeza *ne*, yaani *gomen ne*, inalainika na kumgusa zaidi mwenzako. *Gomen gomen*, ikirudiwa upesi, ni ya vitu visivyo na uzito, kwa mfano umemsukuma kidogo mkiwa mnacheka. Kosa likiwa limemuumiza, usiirudie hivyo, kwani atasikia "basi, yaishe". Sema mara moja, polepole: *hontoo ni gomen* (本当にごめん).

*Gomen nasai* (ごめんなさい) ni ngazi moja juu, nayo ndiyo inayowachanganya wengi kwa sababu vitabu huiita ya adabu. Ina adabu, lakini adabu ya nyumbani: mtoto kwa mzazi, mke kwa mume na mume kwa mke, rafiki aliyekosa sana. Mama aliyekugonga kwa mkoba wake dukani anaweza kukuambia *gomen nasai*, na ni sawa kabisa. Kwa bosi au mteja haifai. Umbo la *nasai* ni la kumwambia mtu afanye kitu, yaani unamtaka yeye akuachilie, na mkubwa haambiwi hivyo. Mfanyakazi anayesema *gomen nasai* ofisini husikika kama mtoto wa shule aliyevunja kioo.

Wanaume, na siku hizi vijana wa kike pia, husema *warui* (悪い) au *warii*. Ni ya watu wa rika moja tu. *Suman* (すまん) na *sumanai* ni za mwanaume mtu mzima akizungumza na walio chini yake au wenzake wa siku nyingi. Mgeni anayeanza kujifunza aziache zote hizi mpaka marafiki zake wenyewe wazitumie kwake.

Ukiwa Osaka au Kyoto utakutana na *gomen na*, *sunmasen* na *kannin na*. Zielewe ukizisikia. Kuziiga kabla lafudhi yako haijakaa sawa huleta kicheko, na radhi haitaki kicheko.

## Sumimasen, neno la mtaani

*Sumimasen* (すみません) hufanya kazi tatu ambazo Kiswahili huzigawa kati ya samahani, asante na "hebu".

Kazi ya kwanza ni kumwita mtu au kupita. Mgahawani unaita *sumimasen!* kwa sauti ya kusikika, bila aibu. Ukiinyong'onyeza, huenda mhudumu asikusikie. Ndani ya treni iliyojaa unasema *sumimasen, orimasu* (naomba kushuka) kabla milango haijafunguka, na watu wanafungua njia.

Ya pili ni shukrani kwa mtu aliyejisumbua kwa ajili yako: amekuzuilia lifti, amekuokotea kofia, amekupisha kiti. Hapo *sumimasen* ni asante inayokiri kwamba umempa kazi. Ukitaka shukrani isikike wazi zaidi, sema *sumimasen, arigatoo gozaimasu*.

Ya tatu ni radhi yenyewe, kwa mtu usiyemjua au unayemheshimu kiasi, kwa kosa dogo au la kati. Hapa zingatia wakati. Kosa linapotokea hapo hapo, ni *sumimasen*. Likishapita, au ukifunga mazungumzo kulihusu, ni *sumimasen deshita*. Jirani amekuja kulalamika kwamba ulitoa taka zisizochomwa siku ya taka za kuchomwa, kosa ambalo wageni wengi hulifanya kwa kuwa kila mtaa una kalenda yake ya taka. Jibu kamili ni hili: *Sumimasen deshita. Kore kara ki o tsukemasu* (nitakuwa mwangalifu tangu sasa). Usipoiongeza sentensi ya pili, jirani ataondoka hajaridhika.

Ikitangulia ombi, radhi hufungua mlango: *sumimasen ga* kwa mtu wa kawaida, *osoreirimasu ga* (恐れ入りますが) kwa mteja au mkubwa, *warui n da kedo* kwa rafiki. Msikilizaji akishasikia *ga* au *kedo* mwishoni, tayari anajua ombi linakuja.

## Shitsurei: si kosa, ni adabu iliyoteleza

*Shitsurei shimashita* (失礼しました) hutumika pale ambapo hujamdhuru mtu ila umevuka mpaka kidogo: umekosea jina lake, umepiga namba isiyo yake, umefungua mlango wa chumba chenye mkutano, umekohoa katikati ya maneno. Kazini huwa *shitsurei itashimashita*. Usiitumie kwa kosa lililoleta hasara, kwani utaonekana unapunguza jambo.

Umbo lisilo la wakati uliopita, *shitsurei shimasu*, husemwa ukiingia ofisi ya mtu, ukikata simu, na ukiondoka. Anayetoka kazini kabla ya wenzake husema *osaki ni shitsurei shimasu*. Asipoisema, kesho yake nyuso hubadilika.

Nyumbani kwa watu kuna kitu tunachokijua vizuri. Mlangoni, kama hakuna kengele au hakuna aliyeitika, unaita *gomen kudasai* (ごめんください). Hiyo ni hodi, wala hujakosa lolote. Ukikaribishwa na kuvua viatu unasema *ojama shimasu*, na ukiaga *ojama shimashita*.

## Kazini na mbele ya mteja

Hapa neno ni *mooshiwake arimasen* (申し訳ありません), na juu yake *mooshiwake gozaimasen* (申し訳ございません). La kwanza linamtosha meneja wako na mwalimu wako wa chuo. La pili ni la mteja, mkurugenzi, na mtu yeyote ambaye kampuni nzima imemkosea. Kosa likiwa limekwisha, malizia *deshita*.

Maneno ya kukoleza nayo yana daraja. *Hontoo ni* (kweli) ni ya mazungumzo, huenda na *gomen* mpaka *mooshiwake arimasen*. *Taihen* (sana) ni ya kazini. *Makoto ni* (kwa dhati) ni rasmi kupita yote. Usichanganye ncha mbili: *makoto ni gomen* ni kama kuvaa joho la harusi na kandambili, na Mjapani atadhani unatania.

Ukiwa na mtu wa nje, watu wa kampuni yako wote huwa upande wako, hata mkurugenzi. Mteja akipiga simu kumtafuta meneja wako Tanaka naye hayupo, usimwite Tanaka-san. Unasema: *Mooshiwake gozaimasen. Tanaka wa tadaima seki o hazushite orimasu* (Tanaka ametoka kidogo kwenye meza yake). Kumvika cheo mtu wa upande wako huku unaomba radhi ni kumwinua mbele ya uliyemkosea.

Umefanya mtu asubiri? Neno maalumu ni *omatase shimashita*, au *omatase itashimashita* kwa mteja. Mhudumu wa duka huisema hata kama ulisubiri sekunde kumi. Usione ajabu: tarehe 14 Novemba 2017 kampuni inayoendesha reli ya Tsukuba Express ilitoa tangazo la kuomba radhi kwa sababu treni moja iliondoka kituo cha Minami-Nagareyama sekunde 20 kabla ya wakati. Mwaka 2016 watengenezaji wa barafu tamu ya Garigari-kun walitoa tangazo la televisheni wakiinama kwa kupandisha bei kutoka yeni 60 hadi 70, baada ya kuishikilia kwa miaka 25. Hayo ni ya makampuni, lakini yanaonyesha kizingiti cha kuomba radhi kiko chini kiasi gani.

## Kuijenga sentensi

1. Taja kosa kwa kitenzi chenye umbo la *-te*, kisha weka neno la radhi. *Okurete sumimasen*, samahani kwa kuchelewa. *Wasurete gomen*, nimesahau, nisamehe. *Henji ga osoku natte mooshiwake arimasen*, kwa kuchelewa kujibu. Kama kosa ni kutofanya, tumia *-nakute*: *renraku dekinakute sumimasen*, kwa kutowasiliana.

2. Kama kosa ni la kujutia, ingiza *shimatte*: *machigaete shimatte mooshiwake arimasen*. Kipande hicho kinaonyesha halikuwa la kukusudia na kwamba limekuuma.

3. Ikiwa umemsumbua mtu, taja usumbufu wenyewe: *gomeiwaku o okake shite mooshiwake gozaimasen* (ご迷惑をおかけして). Ni sentensi ya kukariri nzima bila kubadilisha kitu.

4. Nyamaza. Mwache aseme. Kimya cha sekunde mbili tatu hapa ni sehemu ya radhi, na mgeni anayekijaza kwa maelezo ndiye anayeharibu.

5. Toa ahadi ya kitendo. *Igo ki o tsukemasu* inatosha kwa dogo. Kwa kubwa, taja hatua: utahakiki mara mbili, utaweka kengele, utamjulisha siku moja kabla.

6. Mkikutana tena, rudia kwa ufupi: *kinoo wa sumimasen deshita*, au *senjitsu wa shitsurei itashimashita* kama siku kadhaa zimepita. Wageni huiruka hatua hii wakidhani jambo limekwisha. Kwa Mjapani, kutoitaja tena siku ya kwanza mnapokutana ni ishara kwamba ulisema jana ili uondoke tu.

## Sababu isije mbele

Kwetu mtu aliyechelewa huanza na foleni, mvua, mtoto kuumwa, kisha samahani. Kwa Kijapani mpangilio huo una jina baya, *iiwake*, kisingizio. Radhi inatangulia; sababu inangoja mpaka uulizwe, au inaingia kwa sentensi moja fupi baada ya radhi.

Angalia pia kiunganishi. *Densha ga okureta kara* (kwa sababu treni ilichelewa) inasukuma lawama kwa treni. *Densha ga okurete shimai, mooshiwake arimasen* inalieleza jambo na bado inaubeba mzigo. Usianze jibu kwa *demo* (lakini), wala usiseme *shikata ga nai* (ndiyo hali) kuhusu kosa lako mwenyewe.

Kama treni ilichelewa kweli, chukua *chien shoomeisho* (遅延証明書), cheti cha ucheleweshaji kinachotolewa na shirika la reli langoni mwa kituo au kwenye tovuti yake. Mpe msimamizi baada ya kuomba radhi. Cheti hakikuondolei wajibu wa kupiga simu, na simu inapigwa kabla ya saa ya miadi kufika: *Mooshiwake arimasen. Densha ga okurete ite, juugofun hodo okuremasu* (nitachelewa kama dakika 15). Taja muda mrefu kidogo kuliko unaoukadiria. Kuahidi dakika 10 ukafika kwa 15 ni kuchelewa mara mbili.

## Mwili

Sema kwanza, kisha uiname. Ukisema huku unainama, sauti inaishia sakafuni na maneno hayamfikii. Simama ukimtazama, tamka neno la radhi mpaka mwisho, ndipo uiname kutoka kiunoni, mgongo na shingo vikiwa mstari mmoja.

Digrii 15 hivi (*eshaku*) zinatosha ukimgusa mtu njiani. Digrii 30 (*keirei*) ni za mteja na mkubwa kwa makosa ya kawaida. Digrii 45 (*saikeirei*) ni za kosa zito, na huko chini kaa sekunde tatu hivi kabla ya kuinuka, polepole kuliko ulivyoshuka. Mikono ya wanaume hubaki pembeni mwa suruali. Ya wanawake hukutana mbele. Macho hushuka pamoja na kichwa. Kumchungulia mtu ukiwa umeinama huonekana kama unapima kama ameridhika.

Usiiname huku unatembea. Usinyooshe mkono kutaka kushikana. Tabasamu la aibu, ambalo sehemu nyingi za kwetu hupoza hali, hapa hulitia chumvi kosa. Na ukiwa kwenye simu, inama vilevile. Wajapani hufanya hivyo, na si mazoea matupu: mwili ukiinama, sauti nayo hushuka na kutulia.

Ile ya kupiga magoti na kugusa paji la uso chini, *dogeza*, iache. Katika maisha ya leo inamfanya anayeombwa ajisikie vibaya kuliko anayeomba, na kumlazimisha mtu aifanye kunaweza kuwa jinai. Mwaka 2013 mjini Sapporo mteja alikamatwa baada ya kuwalazimisha wafanyakazi wa duka la nguo wapige magoti namna hiyo.

## Kwa maandishi

Kwa rafiki kwenye simu, *gomen* na picha ndogo ya uso haidhuru. Kazini, vibonzo vyote viondoke, na *sumimasen* yenyewe ibaki mdomoni, kwa sababu kwenye barua pepe inasomeka kama maneno ya barazani. Kosa likiwa zito piga simu kwanza, barua ifuate siku hiyo hiyo. Barua bila simu huonekana kama kujificha.

Mfano huu ni wa ankara yenye kiasi kisicho sahihi, na unaweza kubadilisha kosa tu ukabakiza kiunzi:

件名：【お詫び】請求書の金額の誤りについて
いつもお世話になっております。
本日お送りした請求書の金額に誤りがございました。大変申し訳ございません。
正しい請求書を添付いたしましたので、ご確認いただけますでしょうか。
今後は送付前に二名で確認いたします。
ご迷惑をおかけしましたこと、重ねてお詫び申し上げます。

Kichwa kinasema wazi ni radhi (*owabi*) na inahusu nini. Mstari wa kwanza ni salamu ya kazi, *itsumo osewa ni natte orimasu*, ambayo haiachwi hata siku ya msiba wa hesabu. Kosa na radhi vinakaa mstari mmoja. Ankara sahihi imeambatanishwa tayari, usiseme "nitatuma". Ahadi ni ya kitendo kinachoonekana: watu wawili watahakiki kabla ya kutuma. Mwisho *kasanete owabi mooshiagemasu* inarudia radhi kwa maneno mengine, kwa kuwa kurudia *mooshiwake gozaimasen* mara tatu katika barua fupi kunaichosha.

Wanaoomba ufadhili wa masomo wa serikali ya Japani, kama wengi kutoka Tanzania na Kenya, mara nyingi hulazimika kumwandikia profesa asiyewajua. Fungua kwa *totsuzen no meeru nite shitsurei itashimasu* (突然のメールにて失礼いたします), radhi ya kumjia ghafla. Ukituma ujumbe usiku, tanguliza *yabun osoku ni mooshiwake arimasen*. Na kumbuka saa: Japani iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa sita, kwa hiyo jioni yako ni usiku wa manane wake.

## Kosa kubwa: kwenda na kisanduku

Ukimletea mteja hasara halisi, maneno na barua havitoshi. Mnakwenda wawili, wewe na mkubwa wako, kwa miadi iliyoombwa kwa simu. Suti nyeusi au ya buluu iliyokoza, shati jeupe, tai isiyong'aa. Koti la baridi livuliwe nje ya jengo. Msikae mpaka mwambiwe, na chai iliyowekwa mbele yenu isiguswe kabla ya kukaribishwa.

Mkononi mnabeba *kashiori* (菓子折り), kisanduku cha vitamu. Kiasi cha yeni 3,000 hadi 5,000 ni cha kawaida, na kwa jambo zito hufika yeni 10,000. Ukipita hapo, zawadi inaanza kunuka kununua msamaha. Chagua vitamu vilivyofungwa kimoja kimoja, vinavyokaa siku nyingi, na vinavyotosha watu wa ofisi hiyo. *Yookan* (kitamu cha maharage kilichogandishwa) ya duka la Toraya imezoeleka sana kwa kazi hii. Ni nzito mkononi, na wapo wanaosema uzito huo ndio unaofaa. Usinunue duka la jirani na ofisi yao, wataona ulikumbuka ukiwa njiani. Kifungashio kiwe cha kawaida, bila nakshi za sherehe.

Watu wengi hukosea kwenye muda wa kukitoa. Ukikitanguliza, umefunga mdomo wa mwenye haki kabla hajasema. Kaa nacho pembeni, omba radhi, sikiliza mpaka mwisho, eleza hatua. Hali ikitulia, kitoe kwenye mfuko wa karatasi, kigeuze kimwelekee yeye, mpe kwa mikono miwili: *Owabi no shirushi ni, doozo oosame kudasai* (tafadhali pokea kama ishara ya radhi). Usitumie *tsumaranai mono desu ga* (ni kitu duni tu) ya zawadi za kawaida; siku ya radhi hakuna anayetaka kupewa kitu duni. Wakikikataa, usishindane nao. Rudi nacho.

Kwa jirani wa ghorofa ya chini aliyekosa usingizi kwa sherehe yako, kisanduku cha yeni 1,000 hivi kinatosha, mlangoni, mchana, bila kuingia.

## Pole haina mahali hapa

Hili ndilo linalowateleza wasemaji wa Kiswahili kuliko wote. Sisi tunampa pole aliyejikwaa, anayeumwa, aliyefiwa, hata aliyetoka safari, na kichwa kikitafuta neno la Kijapani hukamata *sumimasen* au *gomen nasai*. Kijapani hakikubali. Ukimwambia mfiwa *sumimasen*, atajiuliza ulimfanyia nini marehemu.

Aliyejikwaa mwulize *daijoobu desu ka* (uko salama?). Anayeumwa mwambie *odaiji ni*. Aliyetoka kazini au safari ya kikazi, *otsukaresama desu*. Aliyepitia shida, *taihen deshita ne*. Mfiwa anaambiwa *kono tabi wa goshuushoosama desu*, kwa sauti ya chini, na ukimeza maneno ya mwisho si vibaya; kwenye msiba kutamka kwa ufasaha mno hakupendezi.

## Ukiombwa wewe

Usijibu *doo itashimashite*. Hiyo ni ya kujibu asante. Usiseme *yurushimasu* (nimekusamehe), kwani inakukalisha kiti cha hakimu. Kwa rafiki, *ii yo* au *ki ni shinaide* (usijali). Kwa mtu wa kawaida, *ie ie, daijoobu desu*, mkono ukipunga kidogo mbele ya kifua. Mkubwa wako akikuomba radhi, jibu *tondemo nai desu*. Mteja, *doozo oki ni nasaranaide kudasai*.

Na kama nawe ulikuwa na sehemu yako katika kosa, hata ndogo, kuna jibu moja linalopendeza kuliko yote: *kochira koso, sumimasen deshita*, mimi pia niwie radhi. Mtainamiana mara mbili tatu, kila mmoja akishuka kidogo chini ya mwenzake. Wewe ukiwa mdogo kwa umri au cheo, hakikisha ndiye wa mwisho kuinuka.